Penalti Aliyoidaka Akiwa kwa Mama Yangu

Mama yangu aliniambia mara moja tu kwamba mpira wa Jumamosi ni wa watu waliomkimbia Mungu, kisha akanifulia jezi. Aliifua Ijumaa mchana, kwa sababu kwetu, kwenye vilima vya juu ya Keroka, jua la Ijumaa likishatua hakuna anayegusa sabuni, jembe wala sufuria mpaka jua la kesho yake nalo litue. Akaianika juu ya michai, akaikunja, akaiweka kwenye kiti nje ya mlango. "Kesho utapita uichukue hapo," alisema. "Mimi nitakuwa nimeenda kanisani. Sitaki kukuona ukitoka nayo." Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na timu moja ya Kisii mjini ilikuwa imenisajili. Nilipita nikaichukua, na kanisani sikurudi tena.

Nilikuwa beki wa kati. Sikuwa na kipaji cha kutisha, na mtu akikwambia nilikuwa nacho, ujue anatafuta kununuliwa chai. Nilichokuwa nacho ni roho mbaya, na beki wa kati mwenye roho mbaya hakosi timu. Nilijua kumkanyaga mshambuliaji kidole gumba refa anapogeuka. Nilijua kumnong'oneza mtu jambo kuhusu mke wake wakati kona inapigwa, akaukosa mpira akitafuta maneno ya kunijibu. Watu wa Kisii walinipenda kwa hilo. Mashabiki ni wakatili. Wanataka mtu wa kuwafanyia ubaya ambao wao wenyewe wanaogopa kuufanya, na mimi nilikuwa tayari kila wikendi.

Kocha wangu wa kwanza alikuwa na desturi aliyoiita duara. Tukishindwa, hatukuvua njumu. Tulisimama duara uwanjani, aliyekosea akawekwa katikati, na kila mmoja wetu kwa zamu akamwambia usoni alichokosea. Hukuruhusiwa kupitisha zamu yako. Ukisema jambo dogo, kocha alikwambia urudie. Mara ya kwanza nilipowekwa katikati nililia mbele ya watu wazima. Mara ya pili sikulia. Baada ya hapo nikawa mtu wa kuingojea zamu yangu kwa hamu, maneno nikiyaandaa tangu kipindi cha pili.

Nairobi nilicheza misimu sita. Goti langu lilipasuka mazoezini, siku ya kawaida tu, mwenzangu aliponiangukia huku akicheka mzaha wa mtu mwingine. Klabu ilimtuma mtu kuja kuchukua ufunguo wa chumba nilichopewa kabla hata bandeji hazijatolewa. Nilirudi nyumbani na begi moja, nikakaa kwa mama nikichuma naye chai, mkali kwa kila kiumbe, hata kwa kuku. Mama hakunilaumu. Jumamosi alivaa gauni lake jeupe, akaniachia chakula alichokipika Ijumaa, akaenda zake kanisani.

Ndipo watu wa Nyamira wakaniita. Timu yao ilikuwa ya mji: makarani wa ofisi za kaunti, mafundi, wachuuzi, na mwenyekiti wake alikuwa mwenye duka la saruji na mabati. Hawakuweza kuajiri kocha na meneja, kwa hiyo nikawa vyote viwili. Nilipanga kikosi, nilitunza kadi za wachezaji, nilijaza karatasi ya mechi na kuitia sahihi. Nilianza kazi Jumatatu. Jumapili hiyo hiyo, baada ya kushindwa mechi ya kwanza, niliwasimamisha vijana wangu duara.

Katika duara hilo kulikuwa na mtu mmoja aliyeniudhi kuliko wote, na ndiye aliyekuwa mchezaji wangu bora. Alikuwa kipa, mkulima wa ndizi kutoka Keumbu, mwenye mikono mirefu na sauti ya chini. Zamu yake ilipofika, alimtazama aliyesimama katikati akasema, "Ndugu yangu, leo ilikuwa mbaya. Jumatano tutajaribu tena." Nikamwambia arudie. Akarudia yaleyale. Nikamwambia azunguke uwanja mara ishirini. Akazunguka, akarudi akihema, akasema, "Ndugu yangu, leo ilikuwa mbaya." Wenzake wakaangua kicheko, na duara langu likavunjika. Nilimchukia siku hiyo, na ningemfukuza kama angekuwa anadaka vibaya.

Alikuwa Msabato, wa wale wasiolegeza kamba. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba hatacheza Jumamosi. Mechi zetu nyingi zilikuwa Jumapili, na zile chache za Jumamosi zilidakwa na kipa wa pili. Alikuwa pia amechumbia binti wa mzee wa kanisa lao la Keumbu, na harusi ilikuwa Desemba. Mzee huyo hakuupenda mpira hata kidogo. Alimkubali kijana kwa sharti moja, lililotamkwa mbele ya familia zote mbili: siku atakayogusa mpira siku ya Sabato, harusi hakuna. Kijana mwenyewe ndiye aliyenisimulia, akitabasamu, kama mtu anayesimulia sharti jepesi.

Msimu wa pili tulifika mechi ya mwisho tukihitaji sare tu ili tupande daraja. Ilikuwa mechi ya ugenini, mbali, kwa watu tusiofahamiana nao, na ilipangwa Jumapili. Siku tano kabla, tukaambiwa uwanja utatumiwa Jumapili kwa mkutano wa injili, kwa hiyo tutacheza Jumamosi. Nikasema potelea mbali, kipa wa pili yupo. Jumatano kipa wa pili akafungiwa mlango wa gari kwenye kidole. Kidole kilivimba kikawa kama ndizi ya kuchoma, na mimi nikamwambia maneno ambayo mke wake, aliyekuwa amesimama pale, hajanisalimia tena tangu siku hiyo.

Nilimwita yule wa Keumbu kando ya goli. Uwanjani nilikuwa nimekataza Kigusii kwa sababu tulikuwa na wachezaji wa kutoka kwingine, kwa hiyo tuliongea Kiswahili.

"Ni siku moja," nikamwambia.

"Kocha, hiyo siku mimi siwezi. Unajua."

"Unajua tukikosa hii tumekwisha? Mwenyekiti ameapa atafunga timu."

"Najua, kocha. Naskia uchungu sana, nakuambia ukweli. Lakini hata dakika moja siwezi."

"Timu itazama."

"Ee. Lakini nikicheza, mimi ndio nitazama."

Alisema hivyo bila ubishi, akainamia glavu zake akaanza kuzifunga na kuzifungua. Damu ilinichemka. Nilimtazama shingo yake ndefu nikajiambia: wewe endelea kumwogopa Mungu, mimi nitalipata jina lako hata kama mwili umekataa kuja.

Maana kadi yake ilikuwa kwangu. Picha yake ilikuwa imelowa jasho na mvua ya misimu miwili, sura imebaki kivuli chenye masikio. Nilimjua mwalimu mmoja niliyecheza naye Nairobi, kipa mzuri aliyeacha mpira akiwa bado na nguvu, mrefu, shingo ndefu. Nikampigia simu aje adake kwa kadi hiyo. Wachezaji niliwaambia Alhamisi, nikawaapisha mmoja mmoja. Hakuna aliyekataa. Nilikuwa nimewafundisha vizuri.

Kilichobaki ni kumficha mwenye jina. Keumbu iko barabarani, kila mtu hupita pale, na kanisa lao liko hatua chache kutoka lami. Ilitosha shabiki mmoja wa upande wa pili ampige picha akitoka kanisani saa ileile ambayo karatasi inasema yuko golini. Nilifikiri usiku kucha, na Ijumaa asubuhi nikampigia kijana kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kuitumia kwake. Nikamwambia mama yangu mguu umemzidi, Sabato hii hawezi kwenda kanisani, na hana wa kusoma naye lesoni, lile somo la Biblia la kila juma. Je, anaweza kwenda kukaa naye?

Nadhani aliguswa. "Kocha, asante kwa kuniamini," akasema. "Nitaenda leo jioni, nifungue Sabato na yeye."

Mguu wa mama ulikuwa unauma kweli. Hilo ndilo lililokuwa kweli katika maneno yangu yote.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Kamisaa wa mechi aliitazama kadi, akamtazama mwalimu, akaitazama mvua, akasema pita. Tulicheza vibaya, tuking'ang'ania sare ya bila bila kwa kucha. Dakika za mwisho beki wangu akamwangusha mtu kwenye boksi. Penalti. Nilikaa chini kwenye matope, goti likiniuma, nikawaza duara nitakalompangia huyo beki. Mwalimu akaruka kushoto, akaupangua mpira kwa ngumi. Kipenga kikalia. Watu wazima walilia siku hiyo, na mimi mmoja wao. Sikujutia chochote. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilifurahi moyo wangu wote, na yule kijana hakunijia akilini hata mara moja.

Mwenyekiti alinipigia tukiwa bado tunavua njumu. Alikuwa dukani kwake Nyamira, na nyuma yake nilisikia watu wakiimba.

"Kocha! Tumeskia yote! Hiyo penalti! Huyo kijana wa Keumbu ni simba!"

"Mmeskia wapi?" nikauliza.

"Kwani hujui? Redio ilituma mtu. Ametangaza mechi mzima!"

Nilikuwa nimefikiria picha, kadi, kamisaa, mwalimu, kanisa na barabara. Redio ya hapa kwetu inayotangaza kwa Kigusii sikuifikiria, kwa sababu haikuwahi kututangaza. Safari hii ilimtuma mtangazaji mpya asiyemjua kipa wetu kwa sura. Alikaa chini ya mwavuli upande wa pili wa uwanja, akaisoma karatasi niliyoijaza kwa mkono wangu, na dakika zote tisini akalitaja jina la kijana. Siku ya Sabato. Katika kila kioski na kila kinyozi kuanzia Kisii hadi Nyamira.

Jumatatu kijana alikuja Nyamira, kwenye chumba nyuma ya duka la mwenyekiti ambacho tulikiita ofisi. Hakukaa. Alisema Jumapili asubuhi alibeba ndizi zake kwenda sokoni Keumbu kama kawaida. Kina mama wakampigia vigelegele. Madereva wakapiga honi. Vijana wakambeba juu juu, mkungu wa ndizi ukaanguka, akauliza kuna nini, na wao wakacheka wakidhani anajitia hamnazo. Mkatoliki mmoja muuza nyama alimpa soda akamwambia, "Hata Mungu amekusamehe kwa hiyo penalti." Alikuwa bado ameishika hiyo soda alipomwona baba mkwe wake mtarajiwa amesimama upande wa pili wa barabara, akiangalia.

"Kocha, nani alidaka?" akaniuliza.

Nikamwambia. Sikumficha, maana sikuona haja. Nikamwambia pia kwamba akifungua mdomo, tunanyang'anywa pointi, hatupandi, wenzake ishirini na wawili wanarudi kukaa barazani, na mimi nafungiwa maisha. "Waambie tu hukucheza," nikasema. "Watakuamini. Si wewe ni mtu wa Mungu?"

Nilitegemea atanitukana. Kama angenitukana, ningejua la kumfanya. Akasema tu, "Mimi nitawaambia nilikuwa kwa mama yako, kwa sababu nilikuwa huko. Ile ya kadi sitasema. Hiyo ni yako."

Baraza la kanisa halikumwamini, wala halikukataa kumwamini. Wazee walisema wataenda kumuuliza huyo mama, na kocha awepo. Kwa kuwa mguu wa mama haukumruhusu kushuka Keumbu, walipanda wao, watatu, alasiri ya siku ya kazi. Mmoja wao alikuwa baba wa yule binti. Kijana alikuja nyuma yao. Mimi nilikuwa nimefika mapema, na nilikuwa nimejaribu kumwambia mama asiongee sana. Alinishangaa. "Niongee sana nini? Watauliza kama alikuwa hapa, nitasema alikuwa hapa."

Aliwapa chai, akawauliza habari za nyumbani, kisha akaanza kusimulia kwa Kigusii chake cha polepole. Alisema kijana aliingia Ijumaa mvua ikinyesha, jua linatua, wakaimba wimbo wa kufungua Sabato. Kesho yake alimsomea lesoni yote, na walipofika fungu gumu alilisoma mara mbili. Walikula mboga za saga na ugali wa wimbi uliopikwa Ijumaa. Mchana kijana alichota maji kidogo, akapiga magoti, akamwosha ule mguu mbovu. "Nikamwambia aache, yeye ni mgeni. Akakataa. Aliondoka jua limetua." Majirani hawakumwona, alisema, kwa sababu majirani wote walikuwa kanisani tangu asubuhi.

Wazee waliitikia kwa vichwa, wamefurahi. Hawakuwa watu wabaya. Baba wa binti alikuwa ameanza hata kutabasamu. Kisha mmoja wao, mwembamba, mwalimu mstaafu, akanigeukia.

"Kocha, wewe ndiye uliyejaza karatasi. Kama kijana alikuwa hapa, golini alikuwa nani?"

Nilikuwa nimelala siku nne nikijua swali hilo linakuja. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema mtangazaji alikosea. Lakini karatasi ilikuwa kwenye ofisi ya ligi na sahihi yangu, na mzee huyu alikuwa mtu wa kupanda gari aende kuiomba. Nilimtazama mama. Alikuwa akinitazama kwa uso mkunjufu, akingoja nimalize jambo rahisi.

"Karatasi haina uongo, mzee," nikasema. "Kijana alicheza. Kuja hapa alikuja, hilo ni kweli, lakini ilikuwa Sabato nyingine. Mama anazeeka. Siku hizi anachanganya siku."

Nilisikia kikombe cha mama kikigusa meza.

"Mimi?" akasema.

"Ndiyo, mama. Si kosa lako."

Mama yangu alikuwa hajawahi kuchanganya siku hata moja katika maisha yake. Mwanamke aliyehesabu juma lote kwa Sabato, aliyejua Ijumaa inakuja kwa harufu ya kuni, namna gani angechanganya? Lakini mzee mwembamba alikuwa na mazoea ya darasani. Akamwinamia mama akamuuliza kwa upole leo ni tarehe ngapi. Mama akasema tarehe, akapitwa na siku moja. Nani katikati ya michai anajua tarehe? Mzee akamuuliza juzi alikula nini. Mama akafikiri, akasema mahindi, kisha akasema hapana, viazi. Akamuuliza lesoni ya juma lililopita ilihusu nini, na mama akaanza kuisema, akakwama. Alinigeukia nimsaidie. Nilitazama sakafu, nikahesabu miguu ya viti.

"Jaribu tena, mama," mzee akasema. "Ilikuwa juu ya nani?"

Kijana alisimama.

"Wazee, msimuulize tena," akasema. "Nilicheza."

Baba wa binti akafunga macho. Nilielewa papo hapo alichokuwa anafanya, na nadhani mimi peke yangu nilielewa. Alikuwa anamtoa bibi wa watu katikati ya duara.

Mama akamshika mkono. "Ulicheza?"

"Ndiyo, magokoro," akasema, akimwita bibi kama tunavyoita kwetu.

"Sasa aliyeniosha mguu alikuwa nani?"

"Ni mimi. Lakini ilikuwa siku nyingine."

Mama akamwachia mkono polepole. Akasema, "Nyasae," jina la Mungu, kwa sauti ndogo, akabaki amekaa akijitazama vidole. Wazee walisali kabla ya kuondoka. Waliniombea na mimi.

Kanisa lilimtoa kijana ushirikani, na harusi ya Desemba haikufanyika. Baada ya hapo hakuja mazoezini tena. Nilikutana naye mara moja, Keroka sokoni, akipakua ndizi kwenye lori, nikaona ni vizuri nimshukuru. Alifuta mikono kwenye suruali.

"Sikufanya hiyo kitu kwa ajili yako, kocha," akasema, akarudi kwenye ndizi zake.

Sisi tulipanda daraja. Nyamira ilinibeba mabegani. Hadi leo mimi ni kocha wa timu hiyo, na makocha wengine huja kuniuliza nidhamu ile nimeipata wapi. Ningependa kuwaambia wasomaji kwamba sikulala, kwamba ushindi ulinigeukia shubiri. Nililala vizuri sana karibu mwezi mzima.

Kisha jirani wa mama akanipigia. Siku ya Jumanne alikuwa amemkuta mama njiani, ndani ya gauni jeupe, Biblia kwapani, akikokota mguu kwenda kanisani. Alipoambiwa ni Jumanne alilia. Juma lililofuata alikutwa siku ya Alhamisi, ameketi kwenye ngazi za kanisa lililofungwa, na mvua imemlowesha. Alimwambia jirani kwamba hakumbuki vizuri, kwa hiyo ni afadhali aje kila siku, maana katika siku saba moja lazima itakuwa yenyewe. Nilimpeleka kwa daktari Kisii. Daktari alimpima, akamuuliza maswali mengi, akaniita kando. "Mama yako akili yake ni nzima kabisa," akasema. "Kuna kitu kimemtisha. Ameacha kujiamini."

Nilirudi naye nyumbani nikijua dawa ni nini, maana mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nayo. Ilinichukua majuma mawili zaidi. Nilipokwenda, siku ya Jumatano asubuhi, nilimkuta amekaa kitandani na gauni jeupe, viatu vimefungwa kamba, mguu umevimba juu ya kiatu. Nilipiga magoti mbele yake, goti langu bovu likalia, nikamwambia yote. Kadi, mwalimu, karatasi, redio. Nikamwambia kijana alikuwa hapa Sabato ile ile aliyosema yeye, na kwamba mimi, mwanawe, nilidanganya mbele ya wazee nikamfanya mwendawazimu nyumbani kwake. Nililia, na safari hii sikuwa na ushindi wowote.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akanipapasa kichwa.

"Umenihurumia," akasema. "Unasema hivyo nipate kupona. Ni vizuri, mwanangu. Lakini yule kijana hasemi uongo. Alisema mwenyewe ilikuwa siku nyingine."

"Mama, alidanganya kwa ajili yako!"

"Yule? Hapana." Akatikisa kichwa, karibu acheke. "Wewe ndiye unayeweza."

Akajishika ukingo wa kitanda akasimama. Akaniuliza leo ni siku gani. Nikamwambia ni Jumatano. Alinitazama kwa upendo, akanipita, akajikokota hadi mlangoni, akamwita jirani aje amwambie.